Bwana Yangu Alitaka Berline, Mimi Nikaagiza Break

Mama Agar, mushauri wetu wa redio, nakusalimia na naomba unisaidie mbele ya Jumamosi, juu nimefanya kitu nyuma ya mugongo wa bwana yangu na sasa sijui nitamuambia na mudomo gani.

Mimi nauzisha samaki kwa soko hapa Butembo, naenda kuzinunua kwa ziwa, Kyavinyonge, kila Jumanne, na bwana yangu Sadrack ni mwalimu, tunakaa Mususa, tuko na miaka kumi na mbili ya ndoa, na huu mwaka tukauzisha miti yenye tulipanda wakati tulioana, tukapatana tununue gari, Corolla, mais Corolla ziko namna mbili, kuko berline, ile yenye malle yake, sanduku ya mizigo, imejitenga nyuma, na kuko break, ile yenye mugongo murefu, kiti ya nyuma inalala na mizigo inaingia mpaka karibu na dereva, na Sadrack akasema berline tu, nyeupe, hapana break. Nilimuambia moteur ni moja, taa za mbele karibu ni zile zile, mafuta zinakunywa karibu sawa, tofauti ni huku nyuma, na huku nyuma njo samaki yangu itakaa, mabasini sita, yaani mabeseni makubwa, wakati kwa malle ya berline mawili tu yanaingia, tena kwa kusukuma. Akajibu berline iko na heshima. Nikawaza ni kiburi, juu mwaka uliopita balimuchagua muzee wa kanisa, nikajisemea anataka batu bamuone akishuka siku ya Mungu. Donc nikamupigia kuzini yake Eliezer, ndugu ya ukoo wao, yeye njo anatuletea gari kutoka Uganda, nikamuambia Sadrack amebadilisha mawazo, alete break. Eliezer akauliza mara mbili. Nikamujibu mara mbili.

Sasa juzi dada yake mukubwa Kavira alikuja kutusalimia, Sadrack alikuwa kazini, nikaanza kumucheka mudogo yake na ile heshima ya berline. Kavira hakucheka. Akaniambia kwamba wakati Sadrack alikuwa anamaliza masomo, mama yao aligonjwa sana kule Kipese, na gari yenye ilipatikana ilikuwa break ya jirani, bakalalisha kiti, bakatandika godoro, bakamulaza mama, Sadrack akakaa kule nyuma akishika kichwa yake, na mama akakufa njiani, barabara ilikuwa matope na hapakuwa mahali pa kugeukia, dereva akaendelea, na Sadrack akafika Butembo akiwa bado ameshika ile kichwa.

"Tangu ile siku hajapanda break," Kavira akasema. "Hakukuambia?"

Hakuniambia. Miaka kumi na mbili. Na gari inafika Beni kutoka Uganda Jumamosi. Mama, nimuombe Eliezer aseme ni yeye alikosea? Au nifanye nini?

Mama Bénite, Mususa

Mama Bénite,

Barua yako ilinifika Jumatano, na kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu, sikungoja saa ya emission yetu ya redio, nilikupigia. Leo narudilia yenye tulisema siku ile, na yenye mulinieleza kiisha Jumamosi, kwa ruhusa yenu nyinyi wawili, ili bengine basikie.

Nilikuuliza kama unajuta juu ya break au juu ya uongo. Break si zambi. Kwa mutu wa samaki uliwaza vizuri, berline ni ya mwenye kubeba batu na valizi zao. Kama ungeipigania ile break kwa meza, mbele ya bwana yako, ningekuunga mukono. Mais uliipigania kwa telefone, ukitumia jina yake. Kiisha ukataka Eliezer abebe kosa yako. Hapo nilikukaripia, na sijabadilisha neno.

Na wewe Sadrack, najua unasikiliza. Bibi yako alikuuliza sababu, ukamupa heshima. Ile haikuwa sababu. Angejua namna gani?

Mama Bénite, ulimuambia Alhamisi, kiisha chakula. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama Kavira alikuambia yote, ukajibu ndiyo. Akatoka inje, akakaa kwa ngazi. Ukamufuata, ukakaa naye, na pale akakueleza yenye hata Kavira hajui: mama aliomba maji, na maji ilikuwa mbele kwa dereva, na yeye hakutaka kuachilia kichwa yake ili kuifikia.

Jumamosi mukaenda Beni pamoja. Eliezer alikuwa tayari kumupa mutu mwingine ile break na kutafuta berline. Sadrack akaomba kwanza afunguliwe mulango wa nyuma. Akaingia, akakaa kwa ile kiti ya nyuma, mikono kwa magoti, na wewe ukabaki umesimama inje.

"Kiti ikiwa wima, ni gari kama ingine," akakuambia. "Ikilala, siwezi kupanda."

Kiisha akasema muipeleke nyumbani.

Sasa nisikie vizuri, juu nimesikia furaha kwa sauti yako, na ni mapema. Hukushinda. Bwana yako amekupa kitu, na kilimugarimu. Anza kujifunza kuendesha huu mwezi. Jumanne yeye iko anafundisha, na hata siku ya congé, wakati masomo imefungwa, usimuombe akupeleke Kyavinyonge, hata mvua ikinyesha. Ukirudi, shusha mabasini kwa soko, osha, inua kiti mpaka usikie imejifunga, kiisha njo uingie kwenu. Nenda kwa Eliezer umuombe musamaha na miguu yako, si kwa message. Na siku utachoka kuinua ile kiti, juu ile siku itafika, umuambie Sadrack. Usimupigie Eliezer.