Makofi ya Bibi Ndago

Jumanne, 3 Juni

Baridi. Upepo wa Juni umeanza, unaingia chini ya mlango bila hodi.

Flavian, mwenye katuni yetu, kanitumia maswali ya mashabiki. Mengi mno! Msimu wa kwanza wa "Foleni ya Choo" umeisha, lakini watu bado wamo humo humo wanachokonoa. Ni katuni ya watu wazima, mwanzoni imeandikwa kabisa kwamba watoto wakalale. Wapangaji wa nyumba moja Dar, choo kimoja cha nje, matusi tangu alfajiri. Na mwenye matusi kuliko wote ni Bibi Ndago, jina la lile gugu lisilong'oka. Bibi Ndago ni mimi. Edith wa Mazwi, hapa Sumbawanga, mtangazaji wa gari la matangazo, mwenyekiti wa jumuiya, sauti ya kila msiba na kila mnada mjini hapa. Hakuna anayejua ila mume wangu Urbano.

Mtu wa Tanga anauliza: sehemu ya sita, Bibi Ndago anapokataa kuchangia umeme, tumbo linamnguruma — je, ana mimba? Mimba! Bibi yule! Ile ni mashine ya kusaga ya jirani yangu Mathias. Umeme ulirudi nikiwa katikati ya kurekodi. Narekodi chumbani, ndani ya kabati, blanketi kichwani, simu mkononi. Namtumia Flavian sauti, wachoraji wake Dar wanachora kufuata sauti. Waliposikia mngurumo wakamchora anashika tumbo.

Mwingine kapenda ule ukimya mrefu pale mwenye nyumba anapomtongoza. Anasema hapo ndipo alipolia, maana Bibi anamkumbuka marehemu. Nilikuwa nimetoka kufukuza mbuzi kwenye maharage. Flavian akaacha hivyo hivyo.

Sasa anataka Jumamosi ya tarehe 21, saa kumi jioni, tuwe laivu. Yeye na mimi, tujibu mashabiki. Sura yangu ionekane kwa mara ya kwanza. Nimesema ndiyo kabla sijamfikiria mama mkwe.

Ijumaa, 6 Juni

Swali linaloongoza ni la makofi. Kwa nini Bibi Ndago, kabla ya kumtukana mtu, anapiga magoti na kupiga makofi? Taratibu. Pa, pa, pa.

Kwa sababu skripti ya kwanza kabisa iliandika: Bibi anamsalimia mzee mwenye nyumba. Nikasalimia! Nikapiga magoti humo humo kabatini, peke yangu, nikapiga makofi kama ninavyomsalimia mkubwa yeyote huku kwetu Ufipa. Wala sikufikiri. Wachoraji wakachora. Flavian akayapenda, akaniambia niyaweke kila sehemu, kwanza heshima, halafu tusi. Na inachekesha kweli. Unamwamkia mtu vizuri kabisa, kisha unamwambia akachotewe akili pamoja na choo.

Lakini mashabiki wameshaamua. Uchawi! Eti anamfunga mtu kwanza. Mmoja kafuatilia kila aliyepigiwa makofi: fundi bomba kateleza, mwenye nyumba kang'oka jino. Bwana wee, ni katuni! Kila mtu anateleza! Akaja mwingine: kwa lafudhi hiyo huyo mama ni wa Sumbawanga, kwa hiyo tusihangaike kuuliza. Basi. Radi, fisi, kupaa na ungo, yote yakamwagwa.

Nimeyasikia tangu sekondari. Edith, usinitumie radi. Edith, ulikuja na basi au na ungo? Nilikwishachoka kabla sijamaliza kidato cha kwanza.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Baada ya misa Debora wa jumuiya, yule Msukuma, kanivuta pembeni. Kauliza kama namjua Bibi Ndago. Nikasema bibi yupi. Yule wa matusi kwenye simu, kasema, mbona anaongea kama mama mkwe wako? Nikasema kumbe. Nikaondoka haraka, kitenge kikanasa kwenye benchi.

Ni kweli, matusi yote ni ya mama mkwe. Mama Bertila, anaishi nasi tangu baba mkwe afariki. Hatukani kwa hasira. Anatukana kama anavyopepeta ulezi, taratibu, na makapi yote yanakuangukia wewe. Mimi naazima tu.

Urbano yuko Kirando, kafuata dagaa. Kwa simu kasema nimwambie mama mapema. Rahisi kusema ukiwa ziwani.

Jumatano, 11 Juni

Flavian kapiga. Hataki nieleze makofi. Anataka niulizwe, nikae kimya kidogo, nicheke kicheko cha siri, kisha niseme: hayo ni mambo ya kwetu, msiyachimbe. Msimu wa pili Bibi Ndago awe mchawi kamili, apae juu ya foleni ya choo. Watu watafurika, kasema.

Nikamwambia yeye anajua fika yale makofi ni nini.

Anajua! Flavian ni mtoto wa Ilemba, huku huku kwetu! Mama yake yuko kule mpaka leo, analima mahindi. Dar huwa anasema ametoka Mbeya. Tulijuana hapa hapa Mazwi, alipokuja msibani kwa shangazi yake. Akanisikia kwenye gari la matangazo nikigombana na bodaboda huku kipaza sauti kiko wazi. Ndivyo nilivyopata kazi. Na siku ile msibani nilimwona kwa macho yangu, kachuchumaa vumbini na suruali yake ya Dar, anawapigia wazee makofi. Vizuri tu. Mikono ya mtu aliyelelewa.

"Dada Edith, huu ni utani tu," kasema.

"Basi watanie wa kwenu Mbeya."

Akakasirika. Akasema kama siwezi, kuna mama mmoja Dar, mwigizaji, anaiga sauti yoyote. Bibi Ndago ni mchoro. Mchoro haujui nani anausemea. Nijibu laivu anavyotaka yeye, au msimu wa pili unaanza bila mimi.

Nimevunja kikombe. Si kwa makusudi. Kwa makusudi kidogo.

Alhamisi, 12 Juni

Aniige! Aje akae kabatini na mbuzi nje.

Jumapili, 15 Juni

Flavian kanitumia sauti ya huyo mama wa Dar, ili nione hatanii. Nimeisikiliza chooni, mlango nimeufunga. Anaweza, sikatai. Matusi anayatoa safi kuliko nilivyotarajia. Makofi ndiyo hawezi, anapiga kama anaua mbu. Lakini nani Dar atajua?

Roho imeuma. Niandike wazi, humu hakuna anayesoma: naitaka kazi hii. Kwenye gari nasema maneno ya wengine. Chanjo kesho. Mnada kesho. Fulani amefariki, maziko saa nane. Narudia barabara nzima, mwisho koo linakauka na hakuna hata neno moja langu. Bibi Ndago ndiye pekee ninayempa ninachotaka kusema. Nikimpoteza narudi kuwa sauti ya chanjo.

Lakini sisemi anavyotaka. Nikitoka laivu nikasema ni uchawi, kesho yake nitamsalimiaje mama mkwe? Nitapiga magoti mbele yake kwa uso gani? Watoto wetu wakienda shule za mbali watapiga makofi mifukoni. Flavian ndivyo anavyopiga ya kwake siku hizi.

Sisemi. Achukue kazi yake.

(Naitaka lakini.)

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia mama mkwe.

Alikuwa uani, kwenye jua, na ungo wake wa ulezi. Huo ndio ungo pekee ninaoufahamu Sumbawanga hii. Nikapiga magoti, nikapiga makofi. Akaniacha hapo hapo. Ni mtindo wake. Kwetu huinuki mpaka umejibiwa, hata ukimkuta mkubwa na shughuli unasubiri. Siku nilipoletwa bibi harusi aliniacha magotini mpaka akamaliza kupepeta. Wageni wote wanatazama! Goti langu la kushoto halijamsamehe mpaka leo.

Nikaona afadhali nisemee magotini pale pale. Katuni, kabati, matusi yake, Flavian, uchawi. Yeye anapepeta tu. Makapi yananitua kichwani. Mwisho akaweka ungo, akajibu salamu, makofi mawili makavu. Nikainuka.

Akasema alishajua. Debora alimwonyesha tangu Kwaresima, na huwa wanaangalia pamoja baada ya jumuiya. Debora! Na yale maswali yake ya kanisani, kumbe ananichezea! Hawa Wasukuma watani hawa, nitamkomesha.

Mama mkwe hakuulizia matusi hata kidogo. Alikuwa na swali lake.

"Huyo bibi, mbona hamalizagi chai? Mimi namalizaga."

Nikasema nitawaambia wachoraji. Kuhusu uchawi aliuliza jambo moja, huyo mtoto wa Ilemba ni wa nani. Nikamtaja mama yake, Dominika. Akanitazama. Waliimba kwaya moja usichanani mwao. Akachukua ungo, akaendelea na kazi. Mama mkwe akinyamaza hivyo, hata kuku wanasogea mbali.

Ijumaa, 20 Juni

Flavian kaandika: kesho unasema au husemi? Nimejibu: kesho nitakuwepo.

Urbano karudi, ananuka dagaa. Yuko upande wangu. Ila anaomba nisitukane mbele ya watu wa jumuiya. Sijaahidi kitu.

Jumamosi, 21 Juni

Saa tisa na nusu. Sebule imejaa. Niliwaza nifanye chumbani peke yangu, lakini nimekataa, kujificha basi. Wanawake wa jumuiya wote wapo, Debora kaja na spika. Mama mkwe kakaa kwenye kiti cha Urbano, kikombe mkononi. Simu tumeiegemeza kwenye kopo la unga. Nilicho nacho si woga. Ni hasira iliyopangwa vizuri.

—

Naandika haraka, magotini. Wanadhani naandika majibu ya mashabiki.

Tulianza vizuri. Flavian kavaa shati jeupe, meno nje. Maswali yakaja. Saa ya ukutani mbona haitembei? Nikasema mwenye nyumba kakataa kununua betri. Kuku mbona ana mguu mmoja? Flavian akacheka, mchoraji aliishiwa muda. Mngurumo wa tumbo? Nikamtaja Mathias na mashine yake, watu wakafa kwa kicheko. Chai? Nikasema kuna mzee analalamika na tutarekebisha. Mama mkwe akainua kikombe.

Likaja la makofi. Flavian akasogea karibu na kamera. Bibi Ndago mwenyewe, kasema, atufichulie siri hii ya Sumbawanga. Sumbawanga aliitamka kama mtu asiyewahi kufika. Akanisubiri nicheke kile kicheko.

Sikucheka. Nikasema: "Hiyo si siri. Hiyo ni shikamoo."

Tabasamu lake likabaki pale pale. Akaanza kusema jambo, nafikiri alitaka kwenda swali la pili. Nikamkata. Nikasema samahani mashabiki, mkubwa wa kazi hii ni huyu, na tangu tuanze sijamsalimia kwa heshima. Nikatoka kwenye kiti. Nikapiga magoti mbele ya simu, wote wakiona. Nikapiga makofi yangu, si ya katuni. Pa. Pa. Pa.

Maandishi ya mashabiki yaliyokuwa yanakimbia yakasimama. Ndipo mama mkwe akainama kutoka kitini, uso wake ukajaa kwenye simu.

"Mtoto wa Dominika," akasema, "unasalimiwa."

Flavian akatazama pembeni. Akatazama chini. Halafu mikono yake ikatoka chini ya meza, ikapanda, viganja vimetazamana —

Na picha ikaganda! Mtandao huu! Saa hii!

Iko hapo mpaka sasa. Flavian kainamisha kichwa kidogo, mikono yote miwili juu, wazi. Hatujui anapiga makofi au anataka kuzima. Kristiana wa jumuiya anasema anazima. Debora anasema hapana, mtu anayezima anatumia kidole kimoja. Wanabishana. Debora kanyanyua simu dirishani, Urbano katoka mbio kwenda kuongeza bando, nimemwona anaruka mfereji na sandali moja.

Goti la kushoto linawaka moto.

Mama mkwe kauliza kama Flavian ameshajibu salamu. Nikasema bado. Akanywa chai yake. Wenzangu wananiambia niinuke, nikae, mtandao ukirudi nitashuka tena, hakuna anayeona.

Siinuki.