Bibi wa Bibi

Jumapili. Baridi ya leo ni kavu, imenipasua midomo, nami nimerudi gorofani kwangu Joubert Park na wivu wangu vile vile nilivyoondoka nao asubuhi.

Niseme tu. Namwonea wivu Bi Salma.

Si nyumba yake ya Midrand, ingawa nyumba nayo ni nyumba. Ni ile picha ya sebuleni. Ya zamani, ilipigwa studio huko Unguja: wanawake sita, wote sare ya kanga. Mmoja kaketi kitini katikati, kavaa viatu, bangili hadi karibu na kiwiko. Wanne wamesimama nyuma yake, na msichana mmoja kakaa mkekani, miguu mitupu. Kila mgeni akiingia, Bi Salma humwonyesha yule wa kitini na kuanza, "Huyu ni bibi wa bibi yangu." Mimi huwa singoji amalizie. Hujitia naokota vikombe, roho inanichoma. Mtu kazaliwa na watu wa vitini, na mimi kwetu Tanga sina hata picha ya mama yangu akiwa msichana.

Leo chama chetu cha wanawake kilisoma maulidi kwake. Tulipomaliza kula tukaitwa kupigwa picha, na sisi pia tulikuwa na sare ya kanga. Vitini wakakaa wenye majumba. Sisi wa magorofa ya mjini, wauza vitumbua wa Marshalltown, tukaonyeshwa mkeka. Hakuna aliyetoa neno baya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikasema chai inachemka, nikaingia jikoni, nikakaa huko mpaka wakamaliza.

Wenzangu walipotawanyika nilibaki kuosha vyombo. Wakati wa kuaga, nikasimama mbele ya ile picha na kumtupia kijembe:

"Haya, Bi Salma, viti mmevizoea tangu enzi za bibi yenu."

Akacheka. "Eish, mdogo wangu. Bibi yetu ni huyu wa mkekani. Huyu wa kitini alikuwa bibi yake, mwenye nyumba na mwenye watu. Bibi yangu alikuwa mtumwa mle ndani. Kawekwa hapo chini ili ionekane kwamba bibi ana watu."

Nilifurahi. Hapa siwezi kudanganya, nilifurahi.

Furaha yenyewe haikufika mlangoni. Nilimtazama tena yule msichana. Paji la uso ni la Bi Salma kabisa, na anaikazia macho kamera kuliko hata bibi yake. Nikauliza aliitwa nani, nikaambiwa aliitwa Faida. Ana jina, na ana mjukuu anayemfuta vumbi kila Ijumaa. Bibi yangu mimi hata mkekani hayupo. Wivu ukanirudia, tena umekuja na mizigo yake.

Sasa hivi picha ya leo imeingia kwenye simu. Wamependeza wote. Pale mkekani, kati ya Mwajuma na Mama Zubeda, pamebaki pengo. Waliniwekea nafasi, wakidhani nitarudi.

Mjukuu wangu Kiswahili hakijui, lakini picha haihitaji Kiswahili. Siku akiishika na kuuliza bibi yuko wapi, nimwambie nilikuwa jikoni?