Jina la Mwenye Chumvi

Baba Zuhura, rafiki yangu,

Ni mimi, Festo. Usicheke mwandiko. Unajua shule yangu iliisha pale mwalimu alipoanza kuuliza maswali. Naandika nikikalia ile benchi ya mbele ya bucha yako, yenye mguu mmoja mfupi, kwa hivyo maneno yakienda upande ujue si mimi, ni benchi.

Nyama siku hizi anakata mdogo wako. Anakata vizuri, lakini anakata kimya. Mtu anakuja, anapimiwa, anaenda. Kwani zamani ilikuwa hivyo? Mama wa sokoni alitoka Siakago na ndengu yake, akapita kwako kununua matumbo, akakaa mpaka jua likainama, kwa sababu ulikuwa umemweka Feruzi wa hadithi yako juu ya mti na mamba chini, na nani angeenda nyumbani amwache Feruzi huko juu? Sasa matumbo yanafika nyumbani mapema. Hakuna mtu anafurahia.

Hapa Embu mambo ni yale yale ya hii Hatari ya Mzungu. Pasi ya kusafiri, kafiu ya usiku, homugadi wa serikali na bunduki zao. Watu wa kwetu bado wamefungiwa kwa kile kijiji chenye handaki. Mimi nauza chochote kinachouzika: mikeka, ugoro, asali. Juzi nimeuza kofia yangu nikiwa nimeivaa! Nikageuka upande wa kisu chako nione vile utacheka. Nikaona mdogo wako anapangusa mizani.

Nakumbuka vile ulikuwa unatafuta majina ya watu wa hadithi. Mwingine akitunga anachukua jina lolote linalopita njiani. Wewe hapana. Ulisema, "Jina la mtu anayepumua usimpe mtu wa hadithi. Mtu ana mwili mmoja, Festo. Ukimpa kazi mahali pawili atachoka." Na siku hizi ni zaidi ya kuchoka. Ukisema hapa sokoni ati Njeru amekimbilia porini, hata kama anakimbia mke wake tu, jioni akina Njeru wote wamepakiwa kwa lori.

Kwa hivyo ulienda kwa nyanya wa mtaa wenu wa Majengo, ukakaa nao kwa mkeka, ukauliza majina ya Waislamu wa zamani waliokufa bila kuachia mtu jina. Halafu ukaenda kwa jamaa ya marehemu, ukavua viatu mlangoni, ukaomba: "Nipeni jina lake, nitalitunza." Ndio ukapata Feruzi, na Mabruki, na Bi Tausi aliyekuwa akipika mahamri enzi zile. Hapa mbele ya bucha wote waliamka, wakapewa ng'ombe, wakapewa mito ya kuvuka.

Na mimi ulinifundisha kwa matusi. Siku moja ulienda kuswali ukaniachia hadithi, mimi nikampa mke wa Feruzi mtoto. Kwetu Mbeere mtoto wa kwanza anachukua jina la babu yake, basi nikamwita Mabruki. Mabruki akakua akazaa Feruzi. Feruzi akazaa Mabruki. Uliporudi, mamba amekamata mtu mguu na hakuna anayejua ni nani. Ukasema, "Wewe Mkristo wa Jumapili, nimekuachia watu wawili, unanirudishia kundi la mbuzi!" Na ile siku nilimwita mwizi Abdulrahimu. Kisu kilisimama kwa mfupa. "Huyo ni mtumwa wa Mwenye kurehemu, na wewe unamtuma kuiba? Mwizi mpe jina la utani, Festo. Jina la Mungu usilitume wizi."

Halafu ukaleta yule mwenye chumvi.

Mtu anarudi nyumbani na mfuko wa chumvi kichwani, mke wake anangoja, anafika Mto Ena anakuta umejaa. Tukauliza, jina lake nani? Ukasema, "Bado. Kwanza nione vile ataingia majini, ndio nijue anafaa jina gani." Ikawa hivyo wiki nyingi. Unasimulia ya huku na huku, yeye bado amesimama ukingoni.

Siku moja homugadi alikuwa amesimama nyuma yetu akisikiliza. Akauliza, "Huyu mtu wa chumvi, anapelekea nani?" Wale mama wakaanza kufunga vikapu. Watu wamechukuliwa kwa chumvi kidogo kuliko hiyo, ati wanalisha watu wa porini. Wewe ukaendelea kukata. "Anapelekea mke wake, afande. Ukimwona mwambie aharakishe, mboga inapoa." "Anaitwa nani?" "Hana jina, afande. Nikimpata utakuwa wa kwanza kujua." Mpaka yule homugadi akacheka, akanunua maini. Alipoenda ndio nikaona pesa yake bado iko juu ya mizani, hujaigusa.

Mara ya mwisho nilikuacha ukikohoa. Nilikuwa na mikeka ya kupeleka Ruiri, na pasi yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Nikasema wacha ningoje kidogo. Ukanifukuza kwa mkono: "Nenda, Festo. Mto hautakauka."

Habari ililetwa na dereva wa lori ya viazi. Nikakimbia kwa karani wa pasi huko, nikaomba pasi nije kukuzika. Akauliza nani amekufa. Nikataja jina lako lote, lile la msikitini. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe ni Festo. Festo ana maziko gani kwa Waislamu?" Nikasema ni rafiki yangu. Akasema, "Pasi ya maziko ni ya ndugu." Mimi, mtu wa mdomo, niliyeuzia mzee kipofu kioo akashukuru, nilirudi kwa mikeka yangu. Hata mmoja sikuuza.

Nilipopata kurudi ulikuwa chini siku nyingi. Nyinyi hamngoji mtu. Na makaburi yenu hayana maandishi, jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Nililia kwa kaburi la mtu mwingine kwanza, nikaja kuonyeshwa lako. Wewe ulipata machozi yaliyobaki. Samahani.

Tangu hapo wale mama wananishika shati sokoni. Festo, yule wa chumvi alivuka? Nikajaribu. Nikamwita Masudi. Zuhura wako alikuwa amekaa kwa kizingiti, akasema, "Si yeye." Nikamwita Salimu. "Si yeye." Mtoto huyu amechukua macho yako, hadanganyiki.

Jina lilikuwa moja tu, na nililijua. Lakini jina linaombwa la marehemu, kwa mlango wake, na viatu vimevuliwa. Na mimi, Baba Zuhura, kwa huu mdomo wangu sijawahi kukuita marehemu. Nimepita kwa huo mlango na viatu mguuni, nikapiga kelele ya ugoro, nikaenda. Nikapita tena.

Jana Mama Zuhura ametoka eda. Amekonda. Aliniona nikipita, akaita, "Shemeji, umepita hapa ya kutosha. Vua viatu."

Nikavua. Soksi ilikuwa na tundu, na hakuna aliyecheka, hata mimi. Akasema, "Haya, omba." Nikasema maneno yako vile vile. Nipeni jina lake, nitalitunza. Niliyasema vibaya, nikarudia. Akafunika uso na mtandio. Baadaye, ndani ya nguo, akasema, "Chukua, shemeji. Lakini usiniache nikingoja ng'ambo."

Leo alasiri nimesimama hapa mbele ya bucha. Wale mama walikuwepo, na Zuhura kwa kizingiti. Nikasema: Athumani akatazama maji, akakaza mfuko wake kichwani, akaingia.

Zuhura akasema, "Ndiye."

Mdogo wako akaweka kisu chini. Mimi sikuweza kuendelea, nikawaambia benchi imenichoma. Kwa hivyo sasa uko majini, rafiki yangu, maji yanakufika kiunoni. Lakini usiogope. Kesho nitakuvusha. Nakuahidi chumvi haitalowa, na ukifika ng'ambo hakuna karani wala homugadi atakayekuuliza wewe ni ndugu ya nani. Mboga itakuwa bado moto. Na nikiona mamba nitampa jina la utani.

Lala salama, Athumani. Mto haujakauka.

Ni mimi, rafiki yako,
Festo