Kafi la Babu Jikoni Kinole

Jumatatu, 5 Agosti

Nisamehe, daftari langu. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Mwanangu Neema anaota meno. Usiku silali, mchana shamba. Leo nimeanua pilipili manga mapema, nikajiiba kidogo.

Baba kapiga simu kutoka Mbamba Bay. Parokia imewapa chumba karibu na ufukwe, yeye na vijana wa pale. Wanakusanya vitu vya zamani vya Ziwa Nyasa. Migono ya kutegea samaki, nanga za mawe, mtumbwi mmoja wa gogo ulionusurika. Watoto wa huko siku hizi wanajua injini tu. Vijana wawili wanataka kuchonga makafi kama ya wazee, ila hawana la kuiga. Mengine yameoza, mengine yamefanywa kuni. Limebaki la babu, na babu alikuwa fundi wao wote. Lipo kwangu.

"Nitumie, mwanangu. Macho ndiyo haya yanaondoka. Mikono bado inajua, lakini inataka kitu cha kushika."

Nikasema ndiyo, Baba. Lilipo sikumwambia.

Jumanne, 6 Agosti

Lipo jikoni kwa mama mkwe.

Baba alinikabidhi siku naolewa, nisisahau maji. Huku Kinole maji ni ya vijito, unaruka unapita. Nikaliweka nyuma ya mlango. Kisha baba mkwe akafariki. Watu wengi, sufuria kubwa, miiko mifupi. Mama mkwe akaliona, akalitumbukiza kwenye ugali. Sikukataa. Msiba ni msiba. Toka hapo linazunguka kijiji. Harusi, kipaimara, maziko. Wanaliita mwiko wa Mnyasa. Wanaamini kabisa kwetu tunasonga kwa miiko mirefu vile.

Leo nimekwenda kumweleza. Kacheka mpaka kafuta machozi.

"Kafi! Mkamwana, utapiga kasia kwenye migomba?"

Nikaeleza tena. Akaacha kucheka. Jumamosi anaolewa wifi yangu Leokadia, mwiko hautoki. Miiko mingine yote inaacha madonge, ule hauachi.

Nimemwambia harusi ikiisha nalichukua. Sikupandisha sauti. Sikuishusha pia.

Alhamisi, 8 Agosti

Baba tena. Shikamoo hajaitikia vizuri, anauliza kama mgongo upo. Ule mwinuko mwembamba unaoshuka katikati ya bapa la kafi. Ndio unaolifanya lisiyumbe likizama majini. Babu alikuwa anauacha, wengine walikuwa hawajui.

Nikaenda kwa mama mkwe kulipapasa. Ncha imeungua. Ukoko umeganda. Mgongo upo.

Nimelia pale pale mbele ya masufuria. Ni uchovu tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Harusi imepita salama. Leokadia kapendeza.

Ugali nilisonga mimi, Neema mgongoni. Mkono ukaanza kwenda wenyewe, wimbo ukanitoka. Ule wa wapiga kasia. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Wanawake wakadaka kiitikio hata maana hawaijui. Watoto wakakaa chini mstari mmoja, Baraka wangu mbele, wakapiga kasia kwa vipande vya miwa mpaka vumbi likapaa. Bibi wa jirani naye akajipachika nyuma.

"Nahodha, tumefika wapi?"

"Katikati, bibi! Usisimame, utatuzamisha!"

Watu wamecheka. Nimecheka. Lakini ubeti wa pili sikuukumbuka. Nikarudia wa kwanza, hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Umeniuma mpaka sasa.

Jioni mama mkwe kaliosha kafi mwenyewe kwa majivu, kaja nalo begani, kaliegemeza mlangoni kwangu. Kaondoka bila hodi.

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi mlangoni hakuna kitu. Baraka ndiye kasema baba yake kaondoka nalo alfajiri. Kalipeleka Mkuyuni kwa fundi seremala, lipigwe randa, mkwewe asije akaona masizi.

Inno mume wangu ana roho nzuri. Leo ningemmeza.

Nikamfunga Neema mgongoni, nikapanda bodaboda. Mteremko wote nilikuwa namwambia dereva ongeza, kisha namwambia pole pole, nina mtoto. Nikawakuta. Ukingo mmoja umeshapigwa randa. Randa imeanza kula mgongo, juu karibu na mpini.

"Mama, hapa palikuwa na kasoro. Pamevimba. Nilitaka nipanyooshe."

Nikaweka kiganja juu ya bapa. Nikasema basi. Fundi akaweka randa chini. Inno akasema alitaka lipendeze. Nikamjibu babu hakulichonga lipendeze, alilichonga atoke ziwani akiwa hai.

Simwambii Baba. Hapana, nitamwambia.

Jumanne, 13 Agosti

Inno kalishusha mwenyewe hadi stendi ya Msamvu, kalipakia basi la Songea. Nimelizungushia kanga zangu mbili. Mama mkwe kachomeka fungu la mdalasini. Sikumwomba.

Bado nina hasira. Nimempikia hata hivyo.

Jumapili, 18 Agosti

Limefika jana. Baba kapiga baada ya misa. Kiganja chake kilipaona mara moja.

"Hapa kapita nani na randa?"

Nikamwambia yote. Nikasikia mawimbi nyuma yake. Kisha kasema mgongo uliobaki unatosha, vijana wameshaanza kupapasa na wao. Walitaka kusugua masizi, kawakataza. Nayo ni sehemu ya safari ya kafi, kasema.

Neema kalala. Jino limetoka. Inno yuko nje, anamchongea Baraka kafi la ubao wa boksi. Limepinda, lakini kaliachia mgongo. Nimemwona, nikampelekea chai.

Kesho nitampigia Baba. Naandika nisisahau, maana bado nahitaji anitumie:

Ubeti wa pili wa wimbo. Aimbe yeye kwenye simu, si vijana.

Jina la mti wa kafi, nijue kama unaota huku.

Usipa wakavu, vile visamaki vya ziwani, debe dogo. Wasio na mchanga.

Kafi fupi la Baraka, vijana wakishaweza.

Na mwiko wa mama mkwe. Mrefu vile vile, wenye mgongo katikati. Kanifuata mara mbili leo kunikumbusha mgongo. Bila huo, kasema, madonge.