Jembe Chini ya Pikipiki

Yohana mjukuu wangu,

Huna aibu wewe. Siku mbili umekwama Bahi na pancha, eti hakuna wa kukuinulia pikipiki utoe gurudumu la nyuma? Marahaba. Sisi wazima, mbuzi kazaa pacha.

Enzi za Mwingereza, padre Mzungu alipata pancha ya nyuma ya pikipiki yake kando ya shamba letu Mpwapwa, akimletea mama yangu dawa ya homa.

"Binti, kawaite wanaume waiinue," akaniambia.

"Wako mbali, na mama anaungua."

Nikaweka jiwe chini ya injini, nikachimba chini ya gurudumu mpaka likaning'inia. Akafungua nati, likashukia shimoni. Alipokwisha kuziba, nikalipandisha kwa udongo hadi likakaa mahali pake.

"Ulaya hatukufundishwa hili," akacheka.

"Kwani huko hamlimi?"

Mama alikunywa dawa jua halijazama.

Azima jembe leo. Ukimaliza, fukia shimo, ng'ombe wa watu wasivunjike miguu.

Bibi yako