Wadudu wa Ziwani na Muhuri wa Mchungaji

Jumapili usiku

Bado ninacheka, Mungu anisamehe. Huyu mchungaji mgeni, tangu afike hapa mwaloni tunapopakulia samaki, ni moshi wa kuzimu na nzige wa Ufunuo tu. Kuzimu anakujua chumba kwa chumba, ziwa halijui. Na mdogo wangu Veronika kwa ajili yake ameacha vidonge vya presha. "Dada, hukumu iko mlangoni, dawa za nini?" Miguu imemvimba, mimi silali.

Leo tukisali ufukweni, wadudu wakanyanyuka ziwani kama moshi, kama kila msimu. Mchungaji akaruka. "Ndio hao nzige! Wenye muhuri wa Mungu kwenye paji la uso hawataguswa!"

Wakatugusa wote. Yeye zaidi, maana alijipaka mafuta mpaka upara unang'aa. Wakamganda kama ufuta. Akafungua kinywa awakemee, akawameza.

Bibi Kabula, jirani yetu, akamwambia, "Funga mdomo kwanza, mtumishi. Hao ni chakula cha kuku wangu."

Veronika akacheka mpaka akakaa mchangani. Tulipofika nyumbani akaomba maji, akameza kidonge chake.

Hukumu yako naiamini, Bwana. Ila nilipojipapasa paji la uso nami nilikuta wadudu tele, na hilo... Je, muhuri wako sina? Nijibu mapema.