Wao Wanabishania Injini, Mimi Nataka Kiti cha Nyuma

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, tena wa haraka, kwa sababu Jumamosi hii nitaulizwa swali mbele ya watu, na mimi nikiulizwa swali mbele ya watu huwa nageuka nguzo. Ni msichana wa miaka kumi na sita, shuleni tunasomeshwa kwa lugha mbili na nimefanikiwa kunyamaza katika zote mbili. Naishi kwa baba yangu mdogo na mkewe kwa kuwa kwao ni karibu na shule. Baba Mdogo anauza magodoro, Mama Mdogo anatibu migongo hospitalini, anawakanda wagonjwa na kuwanyoosha, na wote wawili wamekuwa wakidunduliza tangu kabla sijazaliwa ili wanunue gari la michezo, lile ambalo likipita mtu anabaki kuuliza ni nini kimepita.

Sasa siku imefika na mtaalamu wao ni mimi, kwa sababu nasoma sana habari za magari, na jioni moja Baba Mdogo aliuliza tu turbo ni kitu gani, basi mimi nikaongea mpaka chakula chote kikapoa, wakanitazama kama redio iliyojiwasha yenyewe. Tangu siku hiyo hawaamui kitu bila mimi. Gari wameshalichagua, ugomvi umebaki kwenye toleo, maana yako mawili. Toleo la mbio lina injini kali zaidi, springi ngumu, viti viwili vya mbele vinavyokubana mbavu, na viti vya nyuma vimeng'olewa kabisa ili gari liwe jepesi. Toleo la starehe lina viti vya ngozi, springi laini, na nyuma kuna viti viwili vidogo vya mtu asiye na magoti marefu, na kusema kweli unaweza kuliongezea breki za lile la mbio na ekzosi yake ya kelele, lakini injini inabaki ya upole.

Baba Mdogo anataka la mbio. Anasema, "Maisha yangu yote nimeuza ulaini, sasa nataka kitu kigumu." Mama Mdogo anamjibu, "Ukitaka kitu kigumu lala sakafuni, huko ni bure. Mgongo ukikatika nani atakukanda?" "Si wewe?" "Mimi nitakuwa nimefunga kazi."

Basi wiki iliyopita Baba Mdogo akasema tusibishane kwa maneno, tujaribu. Akatupeleka dukani kwake, akatandika magodoro mawili katikati ya duka, moja gumu la wenye maumivu ya kiuno, ambalo ndilo toleo la mbio, na moja la sponji laini, toleo la starehe. Akaketi mbele kwenye lile gumu, akashika kifuniko cha sufuria kama usukani, Mama Mdogo akakaa kando yake na mkoba wake mapajani, mimi nikapanda nyuma. Akaanza kunguruma. Alipopiga kelele "Kona!" tukalala wote upande mmoja, aliposema "Tuta!" akaruka na kutua kwa makalio, na Mama Mdogo akasema hilo tuta limemfika kwenye meno. Mteja mmoja mzee aliyeingia kununua mto akasimama akauliza, "Hili nalo lina gia ngapi?" Baba Mdogo akamjibu bila kugeuka, "Sita, mzee, subiri nipaki."

Halafu ndipo akanikumbuka. Akasema, "We mama shuka, toleo la mbio halina kiti cha nyuma, unatuharibia jaribio." Hakusema kwa ubaya, mshauri, alisema kama mtu anayefuata vipimo. Nikashuka, nikasimama pembeni kwenye rundo la mito, nikawatazama wanavyokwenda na kwenda bila mimi, na hawakuwa wanakwenda popote, walikuwa wamekaa juu ya godoro, lakini nilijikuta nawapungia mkono. Baadaye wakahamia la sponji na Mama Mdogo akapigapiga nyuma yake, "Haya panda, mama." Nikapanda, magoti yakanifika kidevuni, na naona aibu kukuandikia hivi, lakini nilifurahi kuliko siku zote mwaka huu.

Jioni hiyo naosha vyombo Baba Mdogo akanijia, akaninong'oneza, "La mbio ndilo lenyewe, au sio?" Nikasema, "Mm." Asubuhi yake Mama Mdogo ananisuka, akasema, "Mtu mwenye akili atachukua la starehe, sivyo?" Nikasema, "Mm." Mimi mtu akiniuliza kitu hiyo ndiyo sauti inayotoka, inatoka yenyewe. Sasa kila mmoja anaamini nimempigia kura yeye, mezani wanatabasamiana kama washindi wawili wa mechi moja, na wamekubaliana kwamba Jumamosi mbele ya muuzaji wa gari, wao watanyamaza na mimi ndiye nitakayesema.

Na tatizo langu si hilo tu. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe naona toleo la mbio ndilo gari bora, ile injini nikiisoma tu natokwa jasho. Nikisema starehe nitakuwa nimedanganya kwa ajili ya kupata kiti, na wao wananiamini kwa sababu wanadhani mimi sina upande. Nikisema mbio, kila Jumapili wakitoka matembezi nitabaki getini nikiwapungia mkono. Niseme ukweli wa gari au ukweli wangu? Na je, nikianza kuugua koo Ijumaa, ni vibaya sana? Nimeshafanya mazoezi ya kukwaruza sauti.

Ni mimi,
Mwenye Haya

*

Mwanangu Mwenye Haya,

Pole. Nimekusoma, nimecheka, nikafika pale kwenye rundo la mito nikaacha kucheka. Pole tena. Sasa keti nikuseme.

Hiyo "mm" yako si jibu. Hiyo ni sauti ya friji. Umeitoa kwa watu wawili wanaokupenda, kila mmoja akajazia maneno anayoyataka, na wewe ukaenda zako kama hujafanya kitu. Haya si dawa ya kila kosa, binti. Aliyenyamaza hajasema uongo, lakini wewe hukunyamaza, ulinguruma. Na hilo koo la Ijumaa lisahau kabisa. Unaishi na mwanamke anayetibu watu kwa kazi. Atakuambia ufungue mdomo, atachungulia, atakuona mzima, na hapo utakuwa na kesi mbili.

Wao nao siwaachi. Watu wazima wawili wenye meno yao, wanamtuma mtoto akasimame mbele ya muuzaji awachagulie gari ambalo wamelisubiri miaka yote hiyo! Kila mmoja anamwogopa mwenzake, basi wamekutanguliza wewe. Hiyo kazi si yako. Irudishe.

Tuje kwenye huo "ukweli wa gari". Unasema la mbio ndilo bora. Bora kwa nani? Kwa uwanja wa mbio. Baba yako mdogo anaishi uwanjani? Anatoka nyumbani anakwenda kuuza magodoro, anatoka kuuza magodoro anarudi nyumbani, na katikati kuna matuta. Mtaalamu wa kweli haulizi tu gari lina nini, anauliza litambeba nani. Na wewe ni mmoja wa wa kubebwa. Kwa hiyo kutaka kiti si rushwa, wala si kulisaliti gari. Gari halitanuna. Una upande, sema una upande, halafu utaona kwamba mtu anayekiri upande wake huaminiwa zaidi kuliko yule anayejifanya hana.

Tena umeniambia wewe mwenyewe, katikati ya sentensi ndefu kama treni, kwamba la starehe linaweza kuwekewa breki za mbio na ile ekzosi ya kelele, ukapita hapo kana kwamba umeona paka barabarani. Umewahi kuwaambia wao? Nina shaka. Mwanamume anayenguruma mwenyewe juu ya godoro anatafuta kelele zaidi ya kasi, mpe kelele yake.

Nitakuambia cha kufanya. Usingoje Jumamosi, na usiongee na mmoja mmoja, huko ndiko ulikoharibu. Wakiwa wote wawili chumba kimoja, sema hivi: "Niliwaitikia wote wawili kwa sababu niliogopa kusema. Injini ya la mbio ni nzuri zaidi. Lakini halina nafasi yangu, na mimi nataka kwenda nanyi." Basi. Baada ya hapo ruksa kunyamaza, ustadi huo unao. Wakikutumbulia macho, waache watumbue. Usitoroke kwenda kuosha vyombo.

Unaniuliza kimoyomoyo, na wakichagua la mbio hata baada ya kunisikia? Inawezekana. Gari ni lao, jasho ni lao. Utalia, na ni haki yako. Ila leo wanakuacha bila kujua kwamba wamekuacha. Wanadhani umesimama pembeni kwa sababu unapenda kusimama pembeni. Ukishasema, watakaoondoka getini watakuwa wanajua wanamwacha nani. Mimi sidhani kama watafika hata kona ya kwanza.

La mwisho. Umeficha jina lako vizuri sana, kisha ukanitajia muuza magodoro anayeendesha gari sakafuni kwa kifuniko cha sufuria. Unadhani wako wangapi? Gazeti hili linatoka leo Alhamisi asubuhi, na yule mzee wa mto anajua kusoma. Kufikia jioni duka zima litakuwa limeshamsimulia baba yako mdogo. Kwa hiyo sema kwenye chakula cha leo, si cha kesho. Wakishakaa, wewe simama, ili usiweze kujifanya unatafuna.